Sauti Nyumbani kwa Mwalimu Leokadia

Mwezi uliopita nilikwenda Sumbawanga kumzika Mwalimu Leokadia. Mazishi yenyewe sikuyawahi, maana basi liliharibika njiani, nikafika watu wameshatoka makaburini na wamekaa uani kwake Kizwite wakila. Wanawake wakanisogezea nafasi kwenye mkeka, nikanawa, nikaletewa ugali wa ulezi na maharage na kipande cha samaki mgebuka. Nikiwa nakula nikamsikia msichana mmoja, ambaye nadhani hakuwa amezaliwa wakati ule, akiwasimulia wenzake kwamba marehemu aliwahi kuwa na kompyuta inayoongea, na mtaa mzima ulikuwa unaikimbia. Wakacheka. Hata wanawake wa umri wangu wakacheka, na mmoja wao akaiga ule mlio, ka-ka-ka-ka, huku akitikisa mabega. Tonge nililolishika nikalirudisha sahanini. Sikuwalaumu, msiba bila kicheko haukaliki. Lakini baadhi ya waliokuwa wakicheka niliwakumbuka vizuri, na niliwakumbuka wakiwa wamesimama, si wamekaa. Siku hizi nafanya kazi ya kutunza mitambo ya kompyuta katika ofisi moja Dodoma, na kompyuta ya mtu ikikwama katikati ya kikao, sauti ikabaki inajirudia, wenzangu hutania na kusubiri niiwashe upya. Hawajui kwamba kabla sijanyoosha mkono huwa naangalia mlango kwanza.

Habari za kwetu nitaziacha, hazihusiki. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri kwenda chuo Mbeya, na sikutaka kukaa nyumbani kupura ulezi. Karibu na soko kulikuwa na duka la Fundi Apolinari, chumba kimoja chenye meza ndefu iliyojaa kompyuta za mtumba zilizofunguliwa matumbo, waya zimening'inia, na harufu ya vumbi lililoungua. Apolinari alikuwa mtu wa maneno mengi na sweta moja la kijani, sweta ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Alinipokea kwa sababu nilijua Kiingereza cha kusoma maelekezo, akanifundisha yaliyobaki. Mjini pale dawa ya kila ugonjwa wa kompyuta ilikuwa kupiga windo, yaani kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Kompyuta nzito? Piga windo. Inajizima? Piga windo. Umeme wetu wakati ule ulikuwa ukitoka Zambia, ukija na kuondoka unavyotaka, na kila ulipokatika ghafla tulijua kesho wateja watapanga foleni. Nilipenda kazi ile. Nilipenda kujua kwamba kila kinachoharibika kina sababu, na sababu ukiitafuta utaipata. Hilo ndilo nililokuwa nikiliamini mwezi wa pili, mvua zikiwa bado nyingi, siku Apolinari aliponiambia niende Kizwite kwa mwalimu mmoja mstaafu ambaye kompyuta yake ilikuwa inazimika hovyo.

"Mbona huendi mwenyewe?" nilimuuliza.

"Nilikwenda wiki iliyopita," alisema, akijifanya anatafuta bisibisi. "Yule mama nenda wewe. Mtaelewana, nyote wasomi."

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, ndogo, imezungukwa na mahindi upande wa nyuma na kutenganishwa na jirani kwa ua wa matete. Nilipiga hodi. Sauti ya mwanamke ikajibu, "Karibu. Wewe nani? Hivyo viatu sivijui." Nikaingia. Mwalimu Leokadia alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao chenye mto, mwembamba, amejitanda khanga juu ya sweta, macho wazi lakini yakiangalia pembeni yangu kidogo. Presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya uwezo wa kuona akiwa bado darasani. Alifundisha Kiswahili kwa miaka yake yote ya kazi, na nusu ya watu wazima wa mtaa ule walipitia mikononi mwake. Chumba kilikuwa safi kupita kawaida, kila kitu mahali pake, jiko la mkaa kwenye pembe, na mezani, palipofaa kuwa na televisheni, palikuwa na kompyuta kubwa ya kizamani na spika mbili. Kompyuta ile aliletewa na mtoto wa dada yake anayefanya kazi Mwanza. Ndani yake kulikuwa na programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo, na kila herufi anayoigusa kwenye kibodi. "Washa," aliniambia, "ukutane na mume wangu." Hakuwahi kuolewa, huo ulikuwa utani wake.

Ikawaka, ikaongea. Sijui niielezeje ile sauti kwa mtu aliyezoea simu za siku hizi zinazoongea kama watangazaji. Ilikuwa sauti ya kiume, ya puani, isiyovuta pumzi, na ilisoma Kiswahili kwa matamshi ya Kizungu kama mtu aliyejifunza kitabuni bila kuwahi kumsikia Mswahili hata mmoja. Ng'ombe aliitwa engombi. Mwalimu aliipenda. Aliniambia kwamba tangu macho yafe alikuwa akiishi kwa kusubiri mtu apite amsomee ukurasa mmoja wa gazeti, na watu walikuwa wakipita kila siku wachache zaidi. Sasa alikuwa akisoma kutwa nzima. Akabonyeza vitufe, mashine ikaanza kusoma habari ya bei za mahindi, ikafika kwenye neno serikali, na hapo ikakwama. Ka-ka-ka-ka-ka-ka, kwa nguvu ileile, bila kupumzika, kama mtu aliyekabwa shingo. Kioo kikageuka buluu kikajaa maandishi meupe. Bisibisi ikanidondoka. Nilijua ni kitu gani, nilishawahi kuambiwa kwamba mfumo ukianguka ghafla kipande cha mwisho cha sauti hubaki kikijirudia. Lakini kujua ni kitu kimoja na mwili ni kitu kingine. Nilirukia waya nikauchomoa. Kukawa kimya, na katika kimya kile nikasikia kwamba upande wa pili wa ua wa matete mtu aliyekuwa akitwanga alikuwa ameacha kutwanga.

"Hufanya hivyo mara nyingi?" niliuliza.

"Siku zingine mara moja, siku zingine kila nikikaa," alisema Mwalimu. Kisha akapunguza sauti. "Mama Devota ameacha kutwanga, sivyo? Huwa anaacha."

Nikaichukua kompyuta kwa baiskeli hadi dukani, nikapiga windo, kisha nikairudisha ile programu ya kusoma. Hapo nikajitafutia kazi, kwa sababu mfumo mpya haukuitambua sauti kabisa. Kila kifaa ndani ya kompyuta kinahitaji draiva, programu ndogo inayouambia mfumo namna ya kukiendesha. Bila draiva ya sauti, spika hata ziwe nzuri vipi zinabaki mapambo. Diski iliyokuja na mashine ile ilishapotea zamani. Nikairudisha Kizwite ikiwa bubu, nikamwahidi Mwalimu kwamba nitaitafuta draiva kwenye intaneti, ambayo mjini kwetu ilikuwa ikitiririka kama bomba la kiangazi. Kazi ikavuka wiki. Nilipokwenda kumweleza kwamba bado, nilimkuta amekaa mbele ya ile mashine bubu, vidole juu ya kibodi, akibonyeza herufi moja moja na kuinamisha sikio.

"Ipo?" aliniuliza. "Imewaka?"

"Imewaka, Mwalimu. Sauti ndiyo haipo."

"Kwa hiyo inaandika na mimi sijui inaandika nini." Akaondoa vidole taratibu, kama mtu anayeondoa mkono kwa mbwa asiyemjua. Akaniambia kwamba mashine ikisoma, anajua yuko wapi. Ikinyamaza, nyumba inakuwa kubwa. Anasikia mapigo yake mwenyewe. Anasikia nyayo zikizunguka nyumba, zikisimama dirishani, zikiondoka. Nikamwambia pengine ni mbuzi. "Mbuzi hasimami kusikiliza," alisema. Nikaenda dirishani kuangalia. Udongo ulikuwa bado na unyevu wa mvua ya asubuhi, na chini ya dirisha palikuwa na alama za kandambili, za watu wazima, zaidi ya mtu mmoja. Nikamwambia hakuna kitu. Sidhani kama aliniamini.

Draiva niliipata hatimaye, si yenyewe hasa bali ya ndugu yake, ya kifaa kinachofanana. Sauti ikarudi. Mwalimu alishika mikono yangu akacheka kama msichana, akanikalisha, akanipa togwa na viazi vya kuchemsha, na tangu siku ile nikawa napitia kwake kila Jumamosi na flashi yenye magazeti ya wiki. Lakini draiva ya kuazima ni kiatu cha kuazima. Mashine ikarudia kuanguka, safari hii vibaya zaidi, na ule mlio haukuwa tena ka-ka-ka, ulikuwa kama kicheko kizito kinachojirudia. Nilishauri atumie spika za masikioni ili angalau kelele isitoke nje. Akanikatalia papo hapo. "Macho sina, unataka uzibe na masikio? Mtu akiingia nitamjuaje?" Alikuwa mwanamke kipofu anayeishi peke yake, na masikio ndiyo yaliyokuwa komeo la mlango wake.

Maneno niliyasikia mara ya kwanza kwenye mashine ya kusaga. Nilikuwa nimekaa juu ya debe langu la mahindi, foleni ndefu, wanawake wawili mbele yangu wakiongea kwa Kifipa wakidhani kelele za mota zinawafunika. Mmoja alisema kwa Mwalimu kuna mwanamume ndani ya ukuta. Anaongea kutwa, lugha haieleweki, halafu kuna saa anakabwa. Mwingine akasema si mwanamume, ni watu aliowachukua, anawalimisha. Angalia mahindi yake yalivyo, na yeye haoni hata jembe lilipo. Yule wa kwanza akataja kijiji kimoja huko bondeni ambako bibi mmoja alikutwa na makosa kama hayo, na kilichompata. Alikitaja kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema mahali fulani mvua imenyesha. Nilirudi na unga wangu. Niliyakulia maneno haya, kila mtu wa Ufipa ameyakulia. Mji wetu wenyewe watu wa mikoa mingine wakiutaja hutania kuhusu uchawi, nasi hucheka nao. Ila nilikuwa sijawahi kumfahamu mtu anayesemwa. Nilimweleza Apolinari. Alirudishia kwanza mlango wa duka, kisha akasema, "Rudisha hela yake. Mwambie mashine imekufa. Resti, mimi nina watoto."

"Akikaa bila hiyo mashine atakufa yeye."

"Na akikaa nayo?" alisema Apolinari.

Karibu na Pasaka, Devota, mtoto wa jirani, binti mdogo mwenye mashavu ambaye alizoea kuchungulia kwenye upenyo wa matete na kumwamkia Mwalimu mara mbilimbili, alirudi kutoka Muze, kule bondeni, alikokuwa kwa bibi yake. Baada ya siku chache akaanza homa. Akaanguka degedege uani kwao mchana, na wakati anaanguka, kwa bahati mbaya ambayo hadi leo nikiiwaza nahisi baridi, kompyuta ya Mwalimu ilianguka nayo, ikawa inalia upande huu wa ua huku mtoto anarusha miguu upande ule. Mama yake alimchukua kwanza kwa mganga, kisha, hali ilipozidi, hospitali. Asubuhi iliyofuata Mwalimu alifungua mlango akakanyaga kitu. Nilipofika alikuwa bado amesimama pale, mguu mmoja juu, ameshika mwimo wa mlango.

"Resti, hiki ninachokanyaga ni nini?"

Yalikuwa majivu, yamemwagwa kuzunguka kizingiti, na katikati manyoya ya kuku mweusi. "Vumbi," nilisema.

"Vumbi halina chembe za mkaa, binti yangu. Leta maji tunawe."

Nilimsihi aende kukaa kwa ndugu. Akaniuliza kwa ndugu gani, na akienda, nyumba atairudia vipi? Anayekimbia amekubali, alisema. Alichotaka ni mashine ipone. Nadhani aliamini, kama nilivyokuwa nikiamini, kwamba tukiipata sababu ya ule mlio na kuiondoa, mengine yote yangeondoka nao. Apolinari, kwa aibu yake, alikuwa amenipa kadi ya sauti aliyoichomoa kwenye kompyuta iliyokufa, pamoja na diski ya draiva yake halisi. Jumamosi ile mchana nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza, nimefungua kasha la kompyuta, nimechomeka kadi, nimefunga skrubu, nimewasha na kuweka draiva. Mvua ilikuwa imetanda. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake akiniuliza kila hatua. Kisha akaacha kuuliza. Akageuza kichwa kuelekea mlangoni, na uso wake ukafanya kitu ambacho sijawahi kukiona tena kwenye uso wa mtu: ulikauka.

"Ni wengi," alisema.

Nikaangalia dirishani. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Vijana wengi, wanaume wachache wa makamo, wanawake nyuma wamefunga khanga kiunoni. Baadhi walikuwa na majembe, na ilikuwa msimu wa palizi, mtu angeweza kusema wanatoka shamba. Lakini hakuna atokaye shamba kimya vile. Mbele alikuwa Baba Devota, mtu mpole ambaye mwaka uliotangulia ndiye aliyepanda juu ya paa la Mwalimu kuziba panapovuja. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha. Akasimama mlangoni. Na kitu kilichonitisha kuliko majembe ni kwamba alimwamkia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Baba Devota."

Nyuma yake sauti nyingine kadhaa zikafuata, moja moja, kwa mazoea, "Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mwalimu," kama darasa. Naye akaitikia kila moja. Wengine aliwaitikia kwa majina.

"Mwalimu, tunaomba hicho kitu kitoke nje," alisema Baba Devota. "Na wewe utoke. Hatutaki maneno. Utoke tu."

Nilisimama nikaanza kueleza. Nilisema ni kompyuta, nilisema draiva, nilisema sauti inajirudia kwa sababu mfumo umeanguka. Nilijisikia ninavyoongea, na kila neno lilikuwa la kigeni, kila neno lilizidi kuharibu. Na hapo nyuma yangu mashine, ambayo nilikuwa nimeiacha ikiwaka, ikaongea kwa sauti yake ya puani, ikataja saa. Watu wakarudi nyuma hatua moja wote pamoja. Kisha ikakwama. Kile kicheko kizito kikaanza, kikajaza chumba, kikatoka mlangoni. Mwanamke mmoja akapiga yowe. Jiwe likapita kwenye kioo cha dirisha na vipande vikamwagika juu ya meza, juu ya kibodi, kwenye nywele zangu.

"Resti," alisema Mwalimu, "zima."

Nikachomoa waya. Mwalimu akajitanda khanga yake vizuri, na aliposema, sauti yake ilikuwa ya darasani.

"Baba Devota. Mtoto yuko wapi?"

"Hospitali."

"Anaendeleaje?"

"Hajafumbua macho."

"Basi twende," alisema Mwalimu, akasimama, akanyoosha mkono hadi ukalipata bega langu. "Mnasema ni mimi niliyemfunga. Aliyefunga ndiye anayefungua, si ndivyo mnavyoamini? Mkiniua hapa uwanjani, nani atamfungua? Nipelekeni kwa mtoto."

Mtu nyuma akapaza sauti, "Amekiri! Mmemsikia, amekiri!" Nilidhani ndiyo mwisho. Nilihisi vidole vyake vikizama begani mwangu, nami nikaanza kutembea, kwa sababu alikuwa akinisukuma. Tukatoka mlangoni. Baba Devota alikuwa amesimama katikati ya njia, na kwa kitambo hakusogea. Niliisikia pumzi yake, niliona matope kwenye jembe la kijana aliyekuwa kando yake. Kisha akasogea. Wengine nao wakasogea, tukapita katikati yao karibu kiasi kwamba nguo zao zilinigusa mikono. Njia yote hadi hospitali walikuja nyuma yetu. Sikugeuka. Mwalimu alijikwaa mara kwa mara kwenye makorongo, na kila alipojikwaa watu nyuma walisimama, akianza tena nao wakaanza. Chini kwa chini alikuwa ananiambia, "Usikimbie. Ukikimbia tu, basi." Mvua ikatushika njiani, mvua kubwa ya uwanda wetu yenye upepo baridi, na nilipothubutu kuangalia karibu na lango la hospitali, waliobaki walikuwa wachache, wamelowa, wamejikunyata, na Baba Devota akiwa miongoni mwao analia waziwazi.

Muuguzi aliruhusu wawili tu waingie, nami nikaingizwa kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa macho ya Mwalimu. Devota alikuwa amelala na dripu mkononi, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Mama Devota alipotuona alisimama kama anataka kujirusha mbele ya kitanda. Mwalimu hakujitetea. Alisema, "Mama Devota, nimekuja kukaa na wewe," akapapasa, akapata ukingo wa kitanda, akakaa, akaushika mguu wa mtoto juu ya shuka. Nilitaka kumwambia autoe mkono. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: mtoto akikata roho sasa hivi, mkono huu ukiwa hapa, hakuna mvua itakayotuokoa. Daktari alipopita aliuliza kama mtoto alisafiri, Mama Devota akataja Muze, daktari akatikisa kichwa. Malaria ya bondeni, alisema, imepanda kichwani, wangemleta siku ileile ingekuwa rahisi. Mwalimu aliomba akae hadi kesho. Mimi nikaondoka jioni, nikajifungia chumbani kwetu.

Devota alifumbua macho kesho yake asubuhi na kuomba uji. Ningependa kusema kwamba hapo mtaa uliona kosa lake, lakini haikuwa hivyo. Walichosema, na walikisema wazi kisimani na kwenye mashine ya kusaga, ni kwamba amemfungua. Alikubali akamfungua. Waliompisha njiani sasa walikuwa wakimpisha mbali zaidi, na hakuna aliyemwaga tena majivu mlangoni kwake, kwa sababu hakuna aliyethubutu. Kupona kwa mtoto ndiko kulikokuwa ushahidi. Nilipomweleza Mwalimu hayo, akasema, "Kwa hiyo niko hai kwa sababu wananiogopa. Nami naishi kwa kuwaogopa. Tumelingana."

Kompyuta tuliikuta kama tulivyoiacha, hakuna aliyeigusa, vioo juu yake. Nikavipangusa, nikakaa chini nikatafuta bila haraka. Sababu ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilipoipata nilikasirika. Kile kifaa cha sauti cha zamani kilichojengewa ndani ya mashine, ambacho ndicho kilichokuwa kibovu tangu mwanzo, kilikuwa bado kinafanya kazi pamoja na kadi mpya niliyoichomeka, draiva mbili zikigombea usukani mmoja, na mfumo ukichanganyikiwa ukaanguka. Nikaingia kwenye mipangilio ya mwanzo kabisa, ile inayotokea kabla mfumo haujaamka, nikakizima kile cha zamani, nikafuta draiva yake ya kuazima. Mashine ikawaka. Tukaisikiliza kutwa nzima ikisoma, kila mmoja wetu ameketi ukingoni mwa kiti, akisubiri ikwame. Haikukwama. Haikukwama siku hiyo wala wiki ile wala mwezi uliofuata, na bado kila ilipofika neno lenye ka, nilikuwa nikibana meno.

Lakini kwa sauti ya wazi hakuisikiliza muda mrefu. Baridi ya mwezi wa saba ilipofika alikubali spika za masikioni, lakini moja tu, sikio la kushoto. La kulia alilibakiza kwa ajili ya mlango. Ndivyo nilivyomkuta kila Jumamosi, kichwa kimeinama upande mmoja kama ndege, na nilijifunza kukohoa nikiwa bado mbali njiani ili asishtuke.

Jumamosi ya mwisho kabla sijaenda chuo aliniomba kitu. Aliwasha mashine, akachomeka kidude chake cha sikioni, akaniambia nitoke nje nisimame uani kwa Mama Devota, nisikilize, kisha nirudi nimwambie kama inasikika. Nikaenda. Mama Devota alikuwa anaanika ulezi. Aliniangalia nikisimama kando ya ua wa matete kama mjinga, akauliza nafanya nini, nikamweleza. Akaacha kuanika, akaja kusimama kando yangu, tukasikiliza wote wawili. Upepo, kuku, pikipiki mbali. Nikarudi.

"Haisikiki, Mwalimu. Hata kidogo."

Nilidhani atafurahi. Alichomoa kile kidude sikioni akakizungusha vidoleni. "Haisikiki," alirudia. "Basi sasa nani atajua kama nimo?"

Nilimsaidia kupika, tukala, akanibariki kwa msalaba kwenye paji la uso, nikaondoka nikiwa bado nalitafuta jibu. Basi la Mbeya lilikuwa la alfajiri, na njia yangu ya stendi haikupita Kizwite, lakini nikazunguka kupitia huko. Kulikuwa na ukungu. Nilikuwa nimekaribia nyumba niliposikia sauti ya Mama Devota kutoka upande wa pili wa matete, kali, ya mtu aliyebeba ndoo na hana muda.

"Mwalimu! Mwalimu Leokadia! Umeamka?"

Kimya. Akaita tena. Nikasimama barabarani na begi langu, na sikusogea hadi niliposikia jibu.